Hadado Hakuna Bustani ya Mbwa

Hadado hakuna bustani ya mbwa. Ukitaka kubishana unaweza kusema Hadado yote ni bustani ya mbwa. Ni mji mdogo wa Wajir Magharibi: kisima cha kuchimbwa, maduka, msikiti, shule, halafu mchanga na miiba mpaka macho yachoke. Mbwa anatoka na mbuzi alfajiri, anarudi nao magharibi. Hakuna ua, hakuna bango, hakuna mtu anayemshika. Kamba tunazo, ila ni za ngamia, za punda na za kuteka maji.

Sasa njoo Nairobi. Kwenye malango ya Msitu wa Karura sheria ya mbwa ni fupi: anaingia, lakini akiwa kwenye kamba. Jumamosi asubuhi utawaona, mbwa wenye shampuu yao wenyewe, wakiwavuta wenyewe kwenye njia za vumbi jekundu. Siku za kazi, huku Lavington na Kileleshwa, anayevutwa mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa kuwatembeza, mbwa wawili mkono wa kulia, watatu mkono wa kushoto, simu imebanwa sikioni. Wenye mbwa wanalalamika kwamba jiji zima halina mahali pa umma pa kumwachia mnyama akimbie. Walio na uwezo wanampeleka kwenye viwanja vya kulipia pembeni ya jiji, vilivyozungushiwa waya. Wengine wanangoja kona, wanaangalia kama kuna askari wa msitu, halafu wanafungua kamba kimyakimya kama watu wanaovuta sigara shuleni.

Ni lalamiko rahisi kulicheka kama umetoka kwetu. Si ni mbwa tu? Lakini ukilifuata nyuma, unakuta kamba ya mbwa ina historia hapa Kenya, na historia hiyo haipiti kwa mbwa peke yao.

Tuanze na mbwa wa nyumbani. Kwa Kisomali anaitwa eey. Si mnyama wa kukumbatia. Waislamu wengi wa pwani na wa kaskazini mashariki tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kila mtoto aliyepita duksi anajua hilo kabla hajajua jedwali la mbili. Wafuasi wa Imamu Malik wana kauli nyingine, wanasema mbwa aliye hai ni tohara, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba Uislamu mzima una neno moja juu ya mbwa.

Kinachosahaulika, hasa na watu wa mjini wanaopenda kusema "sisi mbwa hatufugi", ni kwamba hadithi ileile inayosema mwenye kufuga mbwa anapunguziwa thawabu kila siku inataja pia waliotolewa: mbwa wa mifugo, mbwa wa shamba, mbwa wa kuwinda. Mbwa wa Hadado yuko ndani ya ruhusa hiyo kwa miguu yote minne. Yupo pia yule mbwa wa Watu wa Pango katika Sura ya Kahf, aliyelinda mlango wakati wenyewe wamelala miaka na mikaka. Na yupo yule mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mahali ambapo kisima ndicho sababu ya mji kuwepo, hadithi hiyo huisikii kama ngano. Unaijua kina chake kwa mikono.

Ayeeyo wangu hakuwahi kumgusa mbwa wake kwa mkono, na hakuwahi kulala kabla ya kuhakikisha mbwa huyo amekula. Kwake hayo hayakuwa mambo mawili yanayogombana. Mbwa alikuwa na kazi. Usiku mbuzi wako ndani ya boma la miiba, fisi yuko nje, na katikati kuna mnyama mmoja mwembamba mwenye masikio yaliyosimama anayebweka mpaka watu waamke. Hamfukuzi fisi peke yake, hapana, fisi angemmaliza. Anaamsha. Mchana anapata usingizi chini ya mti, anakula mabaki, anatembea anakotaka. Ana boma lake, na kila mtu anajua ni mbwa wa boma gani, ingawa hana mkanda shingoni wala karatasi ofisini.

Kwa lugha ya serikali, huyo ni mbwa wa kurandaranda.

Neno hilo lina tarehe. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, na walowezi walipokuja walikuja na mbwa: mbwa wa kulinda, wa mapajani, na makundi mazima ya mbwa wa kuwinda waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza. Kule kwao walizoea kumkimbiza mbweha mwekundu wakiwa juu ya farasi na makoti mazuri; hapa walimkosa, wakawakimbiza mbweha wetu wa nyika kwenye tambarare za Athi, makoti yaleyale, jua lingine. Mbwa hao walikuwa wakikimbia bila kamba maili na maili, katika ardhi ambayo muda mfupi kabla ilikuwa malisho ya Wamaasai. Ukiuliza bustani ya kwanza ya mbwa Nairobi ilikuwa wapi, jibu langu ni hilo.

Mwaka 1910 ikaanzishwa jumuiya ya kuzuia ukatili kwa wanyama ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kama KSPCA. Mwaka 1912 kichaa cha mbwa kikathibitishwa kwa mara ya kwanza katika koloni, kwa mbwa mmoja nje kidogo ya Nairobi. Mwaka 1928 akathibitishwa binadamu wa kwanza, mwanamke wa upande wa Ziwa Victoria. Kuthibitishwa si kuanza, bila shaka. Inategemea nani ana hadubini na nani anaonekana anastahili kupimwa.

Sheria iliyotokana na hofu hiyo bado iko vitabuni, Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365. Wazo lake ni rahisi. Serikali inaweza kutangaza eneo fulani lina ugonjwa, ikaamuru mbwa wafungwe, wazibwe midomo, wawekwe karantini, na wale wanaorandaranda bila mwenyewe wauawe. Mbwa mwenye alama shingoni ni mali ya mtu. Asiye na alama ni tatizo. Kwa miongo mingi njia iliyotumika zaidi ilikuwa nyama yenye sumu inayotupwa usiku, na asubuhi watu wa kanjo wanapita na mkokoteni.

Sasa angalia tarehe nyingine za miaka hiyohiyo. Mwaka 1915 koloni lilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande chenye alama za vidole na jina la mwajiri, ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukikutwa nje bila kipande, ndani. Mwaka 1920 ikaja sheria ya uzururaji, ya kumkamata Mwafrika anayerandaranda mjini bila kazi. Ndiyo, kurandaranda. Sitaki kulazimisha mfano, na mtu si mbwa, lakini waliovaa kile kikopo hawakungoja mwandishi wa 2020 na kitu awaonyeshe. Wakikuyu walikiita mbugi, njuga ya kumfunga mbuzi shingoni.

Sisi wa kaskazini tulipata kamba ndefu zaidi. Badala ya kumfunga mtu mmojammoja, wakafunga wilaya nzima. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ilitoka 1902; mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa chini yake. Kuingia ni kwa ruhusa, kutoka ni kwa ruhusa. Ile ya 1934 ikaongeza kwamba serikali inaweza kuwaadhibu watu kwa pamoja na kuchukua mifugo yao. Halafu uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963, na tarehe 28 ya mwezi huohuo hali ya hatari ikatangazwa kwetu. Siku 16. Mwaka 1966, vita vya shifta vikiendelea, watu wa kuhamahama wakakusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi wa askari, na wakiambiwa mifugo ilishie hapohapo, mifugo ikafa. Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa Wajir wakakusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, eneo bunge lilelile la Hadado, na wengi hawakurudi. Mwaka 1989 Wasomali wa nchi nzima wakapigwa msasa upya na kupewa kadi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Hali ya hatari iliondolewa 1991. Mpaka leo mtu wa Wajir akipanda basi kwenda Nairobi anaweza kukuambia, bila kutania sana, "naenda Kenya", na kwenye daraja la Garissa atashuka na kitambulisho mkononi wakati mizigo inabaki imekaa.

Katika miaka hiyo yote mbwa wetu waliendelea kutembea bila kamba. Hakuna aliyewaona kuwa na umuhimu wa kutosha.

Rudi Nairobi kidogo, kwa sababu kuna neno nalidai. Walowezi waliwaita mbwa wa wenyeji "mbwa shenzi". Mshenzi ni neno la pwani. Watu wa mwambao walilitumia kumwita mtu wa bara asiye na dini yao wala mavazi yao, kwa hiyo tusijifanye dharau hiyo ilikuja na meli ya Mzungu. Neno likasafiri na misafara mpaka Kongo. Huko kulikuwa na mbwa mdogo mwenye mkia uliokunjwa, asiyebweka bali anatoa sauti kama anaimba, mwindaji hodari. Mwaka 1937 akaonyeshwa London na watu wakapigana vikumbo kumwona. Wakamwita Basenji. Kwa lugha za Kongo ni wingi wa mosenji, ndugu wa damu wa mshenzi wetu. Yaani leo mtu wa Marekani analipa maelfu ya dola kwa mbwa ambaye jina lake rasmi, kwenye cheti, ni "washenzi".

Mwenzake ni Rhodesian Ridgeback, yule mbwa mwekundu mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, aliyependwa sana kwenye mashamba ya walowezi kuanzia kusini mpaka hapa. Sifa zake rasmi ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ule mstari wa mgongoni, ambao ndio fahari yake, ulitoka kwa mbwa wa Wakhoikhoi. Mbwa wa mwenyeji akiwa kwa mwenyeji ni shenzi. Akivuka ua na kuandikwa kitabuni, anapata bei.

Na akishavuka ua anafundishwa nani wa kuumwa. Kile kibao cha "Mbwa Kali" unachokiona kwenye kila lango la Nairobi, hata kwenye nyumba ambayo ndani yake hamna hata paka, kina mizizi kwenye shamba la mlowezi, ambako mtu aliyekaribia kwa miguu alikuwa wa rangi moja na aliyekaa barazani wa rangi nyingine. Wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, mbwa wa polisi walitumiwa kunusa nyayo za wapiganaji wa Mau Mau kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ndiyo maana kuna wazee mpaka leo ambao wakimwona mbwa mkubwa wa mjini barabarani wanahama upande, na mwenye mbwa anapiga kelele, "Haumi! Ni rafiki!" Anadhani tatizo ni habari ambayo mzee hana. Mzee habari anayo.

Hapa ndipo wazo la bustani ya mbwa linapoingia, na si wazo la zamani kama unavyofikiri. Inayotajwa kwa kawaida kuwa ya kwanza ni Ohlone, kule Berkeley, California, iliyofunguliwa 1979. Kulikuwa na kipande cha ardhi kilichobaki wazi baada ya reli ya chini ya ardhi kuchimbwa, majirani wakawa wanaachia mbwa wao hapo, na baada ya mabishano mengi jiji likakubali liwe jaribio. Sababu yake ni ya kuchekesha ukiifikiria: miji ya Marekani ilikuwa imepitisha sheria za kamba kwa bidii mpaka mbwa hakuwa na inchi moja ya kukimbia kihalali, ndipo ikabidi atengewe uwanja wenye waya. Unamfunga kila mahali, halafu unajenga mahali pa kumfungulia.

Kabla ya hapo miji mingine ilikuwa na mpango tofauti. Istanbul, mji mkuu wa Waislamu wa Othmani, ilikuwa imejaa mbwa wa mitaani kwa karne nyingi. Hawakuingia ndani ya nyumba, kwa sababu zilezile za tohara, lakini kila mtaa ulikuwa na mbwa wake, watu waliwawekea maji na mabaki, na mbwa walisafisha taka na kubweka wakimwona mgeni. Ukiniuliza, hiyo ni Hadado yenye minara mirefu. Mwaka 1910 wakuu wapya wa mji, waliotaka ufanane na Paris, waliwakusanya mbwa kwa makumi ya maelfu na kuwatupa kwenye kisiwa cha mawe kisicho na maji, Hayırsızada. Walikufa kwa kiu na njaa, wakilana, na watu wa mwambao walisikia sauti zao. Mwaka huohuo, kumbuka, Nairobi ndiyo ilikuwa inaanzisha jumuiya yake ya huruma kwa wanyama. Mwaka 2024 bunge la Uturuki lilipitisha sheria mpya ya kuwaondoa mbwa mitaani, na maelfu ya watu waliandamana. Wengi walitaja kile kisiwa.

Karura nayo ina jambo la kusema. Msitu huo wa hekta 1,000 na kidogo ulitangazwa rasmi 1932. Miaka ya 1990 serikali ilianza kugawa vipande vyake kwa wajenzi wa majumba, na Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokwisha kukatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa langoni na wanaume wenye marungu na mapanga, Maathai akapasuliwa kichwa. Msitu ulibaki. Kwa hiyo kila mtu anayetembeza mbwa pale leo anatembea kwenye ardhi iliyolipiwa damu ili isizungushiwe ua, na jambo la kwanza lililorudisha usalama wake, miaka kumi baadaye, lilikuwa ua wa umeme na lango lenye ada. Sisemi ilikuwa vibaya. Kabla ya ua watu walikuwa wanaporwa na maiti kutupwa mle. Nasema tu kwamba kila mahali pa kutembea huru katika jiji hili kuna mtu amekaa langoni na risiti.

Na kamba ya Karura naiunga mkono, ikiwa unataka kujua. Kuna swala mle, paa na funo, na kuna watoto, na kuna ule upande wa watu ninaotoka mimi, ambao wakilambwa na mbwa wa rafiki yako siku yao ya sala imeharibika. Mnyama asiye na kamba ana uhuru wake, lakini anaamua pia kwa niaba yangu. Wanaotaka bustani ya mbwa isiyo na kamba, yenye waya, mahali pa umma, wana hoja nzuri kuliko wanaofungua kamba kwenye kona. Waipate. Kaunti ina sheria yake ya mbwa ya 2015, na ardhi ya umma ambayo haijanyakuliwa bado ipo kidogo. Swali langu ni nani atakayekubaliwa langoni. Bustani ikijengwa Karen, sawa. Je, vijana wa Mathare wanaofuga mbwa wao wa kienyeji, wasio na cheti, watapanda matatu nao?

Lakini mimi nilitaka kuzungumzia meno.

Mbwa anayetembea bila kamba anaweza kutembea huru kweli kama amechanjwa. Hapo ndipo Hadado na Berkeley zinapoachana. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika, na sehemu kubwa, kama 40 kwa 100, ni watoto wa chini ya miaka 15. Mpango wa Kenya wa kukimaliza, uliozinduliwa 2014 na kulenga 2030, ulikadiria vifo vya Kenya peke yake kufika 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Hakuna. Mtu anaogopa maji, koo linakaza akiyaona, na ni siku chache tu. Kabla ya dalili, kila kitu kinawezekana: unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, unakwenda hospitali siku hiyohiyo, unaanza sindano na kuzirudia kwa wiki kadhaa.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa Hadado. Maji yanayotiririka, dakika 15, mwezi wa kiangazi. Hospitali siku hiyohiyo, kwenye barabara ya mchanga, kwa gari linaloondoka likijaa. Sindano zilizokaa kwenye friji. Kurudi siku ya tatu, kurudi siku ya saba, wakati boma limeshahama kufuata malisho. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885. Hiyo ni miaka 14 kabla ya Nairobi kuwepo.

Upande wa mbwa nao hesabu inajulikana: ukichanja mbwa 70 katika kila 100, na ukarudia, ugonjwa unakatika, bila kuua mbwa hata mmoja. Kuua hakusaidii. Ukimwaga sumu mtaani, mbwa wengine wanajaza nafasi ile, na kwa kawaida unakuwa umewaua na waliochanjwa. Jambo hili halikujulikana jana, lakini nyama yenye sumu ni rahisi kununua kuliko chanjo, na haihitaji mtu kumshika mbwa.

Na mbwa wasiochanjwa hawaishii kwa watu. Mwaka 1994, Serengeti, ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliua kama thuluthi moja ya simba wa mbuga ile, karibu 1,000, na mbwa wa vijiji vya pembeni ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Tangu hapo watafiti wamechanja mbwa wa wafugaji kule Tanzania miaka nenda miaka rudi, na wamejifunza mambo ambayo mtu wa Wajir anaweza kuyatumia kesho. Wameona kwamba kuweka meza chini ya mti na kungoja watu walete mbwa kunafaa kwenye vijiji vya wakulima. Kwa wafugaji wanaohama, meza inabaki na mbwa wachache. Lazima mchanjaji aende boma kwa boma, na bora zaidi awe mtu wa hukohuko anayejua nani amehamia wapi. Wameona pia kwamba chanjo moja inayotumika sana inabaki na nguvu hata ikikaa miezi 3 kwenye joto la nyuzi 30, yaani friji si kisingizio kikubwa kama tulivyodhani. Hadado inapita nyuzi 30 kabla ya saa nne asubuhi, lakini chungu chenye mchanga mbichi hushusha joto, na chungu tunacho.

Wameona jambo moja zaidi. Anayeleta mbwa, mara nyingi, ni mtoto. Baba yuko na ng'ombe, mama yuko na kazi mia, na mbwa hamjui vizuri mtu mwingine yeyote. Kwetu ni vivyo hivyo: mtoto wa miaka tisa au kumi anayechunga mbuzi na mbwa kutwa nzima ndiye mtu pekee ambaye mbwa huyo atakubali amshike. Ndiye pia, ukizirudia zile hesabu za vifo, aliye karibu zaidi na meno.

Kwa hiyo siku mchanjaji akifika bomani, pikipiki yake imeegeshwa kivulini na kikasha kiko mgongoni, itabidi mtu atafute kamba. Itakuwa ya mbuzi au ya punda. Mbwa hajawahi kuivaa, atajirusha, atalala chini, atakojoa. Wazee watasimama kando na kanzu zao wamezikunja. Mtoto atapiga magoti mchangani, amshike kichwa kwa mikono miwili, amsemeze kwa Kisomali mpaka sindano iingie, kisha afungue fundo na mbwa aende zake. Halafu mama atamwita mtoto aje na maji na udongo, mara saba.